Ndege Iliyokuwa Inakonda

Krismasi iliyopita baba alimpa binti yangu bisibisi. Haikuwa mpya. Ilikuwa ile fupi yenye mpini wa manjano, ambayo mimi nilidhani ilipotea zamani pamoja na vitu vingine vya nyumba tuliyoishi nikiwa mdogo. Aliitoa mfukoni mbele ya watu wote sebuleni, akamwekea mtoto mkononi na kusema, "Shika. Mama yako alitumia hii kutengeneza ndege ya Warusi. Tulibakisha kidogo tu iruke."

Watu wakacheka, shemeji zangu wakapiga makofi, na binti yangu akaniangalia kwa macho ambayo hajawahi kuniangalia nayo. Nilijifanya naenda kuangalia wali jikoni. Baadaye, nilipokuwa nakunja nguo zake, niliikuta bisibisi kwenye mfuko wa sweta. Niliinusa. Ile harufu ya mafuta ya mashine bado iko, imeingia ndani ya mpini, na nilikasirika, nikairudisha mfukoni kwa nguvu.

Tulibakisha kidogo tu iruke. Mzee wa watu anasema hivyo na uso mkavu kabisa, mbele yangu mimi.

Tuliishi upande wa Kitengela unaoelekea Kajiado, mbali na lami, mahali ambapo siku hizi kuna nyumba za kupangisha hadi macho yachoke. Wakati huo palikuwa na nyasi, upepo, na uwanja mdogo wa ndege usiotumiwa na mtu. Pembeni mwa uwanja ilisimama ndege moja. Ilikuwa imetua hapo kabla sisi hatujahamia na haikuondoka tena, kwa sababu wenyewe walikosana, au walifilisika. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba alikuwa fundi wa ndege Nairobi hadi alipopunguzwa kazini, kwa hivyo wakamwajiri kuilinda na kuitunza. Tulipewa chumba cha mabati kando ya uwanja, mimi, yeye na mama. Halafu mama akaenda Saudia kufanya kazi za nyumba, tukabaki wawili.

Ndege yenyewe ilikuwa Yak, ya Warusi. Baba alinieleza kwamba waliounda hiyo ndio hao hao wanaoundia jeshi lao ndege za vita, lakini hii waliiunda kwa ajili ya watu wa mashambani. Ingeweza kutua kwenye nyasi, na haikuhitaji mtu wa kuisogezea ngazi, kwani ngazi yake ilikuwa nyuma, chini ya mkia, inajishusha yenyewe. Injini zake tatu zote zilikuwa huko nyuma, na madirisha yalikuwa ya duara. Jina lake liliandikwa ubavuni kwa Kirusi, likianza na herufi kama R iliyogeukia upande usiofaa. Mimi nilikuwa darasa la pili, na mwalimu alikuwa amenikosoa mara nyingi kwa kugeuza herufi hivyo hivyo. Niliamini kwamba Warusi walimwachia mtoto kazi ya kuandika, na nikawapenda kwa hilo.

Siku ya tatu baada ya mama kuondoka nilikuwa bado nalia. Sikuwa nalia kwa sauti; nilikuwa nimekaa tu mlangoni, machozi yanatoka, uji umeganda kwenye kikombe. Baba alichuchumaa mbele yangu.

"Nafula, unaona hiyo ndege?"

"Naiona."

"Hiyo ni mgonjwa kidogo. Mimi na wewe tukimaliza kuitengeneza, tunaenda nayo kumchukua mama."

Niliacha kulia pale pale. Huenda alitaka tu ninywe uji. Nimejaribu mara nyingi kumpa nafasi hiyo, kwamba siku ile alisema jambo la kumnyamazisha mtoto kama wazazi wote wanavyosema. Ila Jumamosi iliyofuata aliniita. "Leta vidole," akasema, na akanipa bisibisi yenye mpini wa manjano.

Kulikuwa na sehemu ambazo mkono wake haungeweza kuingia, nyuma ya vipande vya ukuta, chini ya sakafu, ndani kwenye shina la bawa. Mkono wangu uliingia. Nililala kwa tumbo kwenye joto lile, harufu ya mafuta na plastiki iliyopikwa na jua ikiniingia hadi kooni, nikazungusha polepole kama alivyonifundisha, nikishika kila skrubu kwa kidole gumba ili isianguke. Kuangusha skrubu ndani ya ndege, alisema baba, ni kosa kubwa kuliko yote. Fundi akiangusha kitu lazima ainame, atafute hadi akipate, hata kama ni siku nzima. Kitu kidogo kilichosahauliwa ndani ndicho humwangusha rubani.

Na kila kilichotoka kilipewa kadi. Hiyo ndiyo kanuni ya mafundi wa ndege, na baba aliifuata kama mtu wa kanisa: kadi nyekundu yenye waya, imeandikwa kifaa ni nini, kimetoka wapi, upande gani. Mwandiko wake ulikuwa wa kuparura, kwa hivyo kadi niliziandika mimi. Pampu, injini ya kati. Saa ya kupima mafuta, mbele kulia. Taa, bawa la kushoto. "Gari linatengenezwa likiwa na vitu vyake," aliniambia. "Ndege, lazima kila kitu kitoke, kiende kupimwa Urusi, halafu kirudi. Kisicho na kadi hakitajua njia ya kurudi." Kisha pikapu ya rafiki yake ilikuja, wakapakia, wakafunika kwa turubai.

"Hiyo pikapu inafika Urusi?" nilimuuliza.

"Inafika airport. Hapo vinapanda ndege."

Nililiona kuwa jambo la kupendeza sana, ndege kusaidiwa na ndege.

Ilipofika zamu ya viti kutolewa, nilikuwa tayari nimemchagulia mama chake. Kilikuwa cha dirishani, safu ya tatu kushoto, cha kitambaa cha buluu, na kwenye mkono wake kulikuwa na kisahani cha majivu ya sigara chenye kifuniko kidogo cha chuma. Niliogopa Warusi wangekirudisha mahali pengine. Mama alikuwa ameacha chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, imebaki robo. Nilifungua kile kifuniko na kwa ndani nikaandika MAMA kwa brashi ile ndogo. Harufu ya rangi ya kucha ilinifanya nifumbe macho muda mrefu. Kisha nilikifungua kile kiti, skrubu nne, na nikazifunga kwenye kitambaa pamoja na kadi yake.

Mama alipopiga simu Jumapili, nilimwambia. Laini ilikuwa mbaya na kulikuwa na mtu akimwita kwa ukali huko nyuma yake.

"Mama, tunakuja kukuchukua na ndege. Nimekuwekea kiti cha dirishani."

Alicheka kile kicheko chake cha puani. "Sawa, mama. Nitangoja hapo hapo."

Kwa hivyo hata yeye alikuwa anangoja, nilivyoelewa mimi.

Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na boma la kina Nasieku. Tulikuwa darasa moja, na mbuzi wao walikula nyasi za uwanja kwa ruhusa ya baba, kwa kuwa vinginevyo angelazimika kuzikata yeye. Mama yake nilimwita Yeyo kama alivyomwita Nasieku mwenyewe. Walikuwa Wamaasai, na watoto wa kwao hawampi mtu mzima mkono. Wanainamisha kichwa, naye anawagusa utosini kwa kiganja. Nilijifunza haraka. Kila asubuhi nilipopita kumchukua Nasieku nilimwinamia Yeyo, na mkono wake ulikuja, mkavu, wenye harufu ya moshi na maziwa, ukakaa kichwani kwangu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mwaka ule hakuna mtu mwingine aliyenigusa kichwa. Baba alikuwa mtu wa kupiga bega.

Nasieku hakuwa anahesabu mbuzi. Jioni walipoingia alisimama kwenye lango la miiba akawaangalia tu wakipita, na akisema, "Yule wa sikio moja hayuko," hayuko. Niliwahi kumuuliza anajuaje. Alinishangaa. "Wewe ukiingia darasani hujui nani hajakuja?"

Ndege nayo aliiangalia kwa macho yale yale.

"Hiyo ndege yenu inakonda," aliniambia siku moja tukitoka shule.

"Inatengenezwa."

"Kile kitu kilikuwa pale puani hakiko. Na ile taa. Na kwa tumbo iko na shimo."

"Vimeenda Urusi kupimwa. Vitarudi."

"Kuna kimoja kimesharudi?"

Nilimwambia yeye hajui mambo ya ndege, ajue mbuzi wake. Hakukasirika. Ili kumaliza ubishi nilimpa zawadi: kibati kidogo chekundu cha maandishi ya Kirusi, nilichokiona chini ya sakafu na ambacho baba alisema ni takataka. Yeyo alikitoboa akakishona kwenye ushanga wa shingoni wa Nasieku, katikati, na kikapendeza. Walimu wote waliuliza ni nini. Nasieku aliwajibu kwamba ni cha ndege ya Nafula.

Likizo ya Agosti baba alinipeleka kwa shangazi, huko Matasia. Shangazi alikuwa na duka la nguo za watoto, na mlango wa pili kutoka kwake ulikuwa wa kinyozi. Siku ya pili alinituma kwa kinyozi huyo nikaombe kubadilishiwa noti. Kinyozi alikuwa na mteja. "Keti hapo kidogo, mrembo," akasema.

Nilikaa, na mwili wangu ulijua kabla yangu. Kitambaa cha buluu. Mikono miwili ya chuma. Kiti kilikuwa kimefungwa kwenye ubao wa mbao kwa misumari, vibaya sana, fundi yeyote angeona aibu. Kwenye mkono wake mmoja kulikuwa na kifuniko kidogo. Nilikitazama kwa muda wote mashine ya kunyoa ikilia. Nilijiambia nisikifungue. Nikakifungua.

Rangi haikuwa imebanduka hata kidogo. Kulikuwa na majivu juu yake na ganda la pipi.

"Kiti kizuri, sivyo?" kinyozi alisema. "Hicho ni cha ndege, usione hivyo. Niko na vitatu."

Baba alipokuja kunichukua mwisho wa wiki nilimshika mkono nikampeleka. Nilifungua kifuniko nikamwonyesha. Aliangalia, na nikaona ameona. Shingo yake ilibadilika. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii ni ya ndege nyingine, Nafula. Ndege za aina hii ni nyingi."

Mwandiko ulikuwa wangu. Jina lilikuwa la mama yangu. Rangi ilikuwa ya kucha zake. Aliniangalia machoni akaniambia ni ndege nyingine.

Nataka kusema kwamba tangu siku ile sikumwamini tena, na ingekuwa sifa nzuri kwangu, lakini si kweli. Njia nzima hadi Kitengela nilikuwa nahangaika kutengeneza maelezo: labda Yak nyingine ilikuwa na mtoto mwingine, mwenye mama mwingine. Nilipofika nyumbani nilimaliza maelezo yote na nikajua. Hata hivyo Jumamosi aliponiambia nilete vidole, nilipeleka. Kama ningekataa, ingekuwa nimekubali kwamba mama haji.

Wenye ndege walikuja asubuhi moja bila kupiga simu, wanaume wawili na gari safi, wakiwa na orodha. Walizunguka ndege. Walipanda ngazi ya mkiani wakakaa ndani muda mrefu, na walipotoka mmoja alikuwa amevua miwani. Baba alichuchumaa mbele yangu, akajifanya ananifunga kamba ya kiatu, vile vile alivyochuchumaa siku ya uji.

"Nafula. Wakikuuliza, sisi hatujatoa kitu. Umesikia? Mimi nikifungwa, nani atamleta mama?"

Akainuka akawaendea na kuwaonyesha mbuzi wa kina Nasieku. "Ni hawa watu," alisema. "Nimewafukuza mpaka nimechoka. Watoto wao wanaingia huko ndani nikienda choo, wanatoa vyuma wanauza."

Yeyo aliitwa. Alikuja na Nasieku, wote wawili wakiwa hawana habari, na Nasieku alinipungia mkono kutoka mbali. Ushanga ulikuwa shingoni mwake. Yule bwana wa miwani aliuona kabla hajafika karibu.

"Hii umetoa wapi?"

Nasieku alikigusa kile kibati. "Nafula alinipa."

Bwana yule akanigeukia. Hakuwa mkali. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Ni kweli? Wewe ndio ulimpa?"

Baba hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mbuzi, mkono wake ukiwa begani mwangu, mzito.

"Hapana," nikasema.

Ilikuwa hiyo tu. Nasieku hakulia wala kunitukana. Alisimama akaniangalia kwa utulivu, vile alivyoangalia mbuzi wakiingia jioni, na nikaona wakati hasa alipojua ni nani hayuko. Yeyo alisema maneno machache kwa Kimaasai, si kwangu, kisha akafungua ule ushanga, akakata uzi kwa meno, akaweka kibati kwenye kiganja cha yule bwana. Alipogeuka kuondoka alinipitia karibu. Mimi, kwa mazoea tu, nikainamisha kichwa. Mikono yake alikuwa ameifunga ndani ya shuka na haikutoka.

Walizungushia uwanja seng'enge na mbuzi wakakatazwa kuingia. Mvua ilikuwa imekawia, na nyasi za nje zilikuwa zimekwisha. Kina Nasieku walihamisha mifugo upande wa Kona Baridi kwa ndugu zao, na dawati letu likabaki na mimi peke yangu. Baba naye aliachishwa kazi kabla mwaka haujaisha. Kilichobaki cha ndege kilikatwa vipande na watu wengine, mchana kweupe, wakapakia kwenye lori bila kadi hata moja.

Nikiwa mtu mzima nimejifunza kwamba wenye ndege hawakuwa wamemlipa baba kwa miezi mingi, na kwamba pale ilipokuwa isingeruka hata angekuja Mrusi mwenyewe. Hilo nimemwachia. Mtu kuuza vyuma vya watu ambao hawakumlipa, ningeweza kumwelewa na pengine hata kumtetea. Nisichomsamehe ni kwamba alinipa kitu cha kungojea na kisha akanitumia kukibomoa kwa mikono yangu mwenyewe, skrubu kwa skrubu, huku nikiandika kadi kwa mwandiko mzuri. Na kwamba aliponihitaji niseme uongo, alijua kabisa ni jina gani la kutaja sikioni mwangu. Nilimwambia hivyo mara moja, nikiwa chuo. Alisema nina kumbukumbu kali kama ya nyanya yangu, akaomba chumvi.

Mama alirudi mwaka mmoja baada ya ndege kukatwa, kwa ndege ya kawaida ya abiria, kama watu wote wanavyorudi. Tulikuwa tumehamia chumba kimoja Kitengela mjini. Hakuna aliyeenda kumchukua, maana hakutaja siku. Nilikuwa uani nafua soksi nilipoona mwanamke mwembamba kwenye geti, na begi la magurudumu lenye gurudumu moja limevunjika. Alikuwa amepaka rangi ya kucha ya aina nyingine, ya waridi.

Nilimfikia mbio. Halafu, badala ya kumrukia, nilisimama mbele yake nikainamisha kichwa. Sikupanga. Ndivyo mwili wangu ulivyojua kumsalimu mama wa mtu. Niliangalia viatu vyake vyenye vumbi nikangoja mkono.

Mama yangu hakuujua mtindo huo; angeujulia wapi? Alinikuta nimeinama pale, macho yakiwa chini, akadhani natafuta kitu. Akaliachilia begi, akachuchumaa mbele yangu, akaanza kupapasa mchanga pamoja nami.

"Nini, mama?" akaniuliza. "Umeangusha nini?"

"Skrubu," nikasema, na tukaitafuta wote wawili.